Kidonge cha Jumamosi

Jumatano, 2 Julai

...na si kwamba simpendi Bi Mwatima, nilimwambia Mundhir hivyohivyo, ila fungate ni ya watu wawili, na mimi katika kuihesabu kwangu kote sijawahi kufika watatu. Mundhir akacheka. Akicheka masikio yake yanasogea. Deira nzima, hapa Dubai, hakuna mwanamume mwingine ambaye masikio yake yanasogea akicheka, na huyu ni wangu, tangu Ijumaa mbili zilizopita.

Mambo yalivyo ni haya. Humam, mwenye ofisi ya safari chini ya jengo letu, anapeleka kundi la watu kumi na wawili, yeye akiwemo, Polinesia, kisiwa kinachoitwa Vaihere, katikati ya Pasifiki, wakati wa tamasha lao la Julai. Ngoma, maua, mashindano ya kunyanyua mawe. Mundhir alituandikisha kabla hata posa haijajibiwa. Nani kama yeye? Lakini mama yake, Bi Amne, aliposikia akasema safari ni njema, ila bibi harusi hasafiri mbali bila mtu mzima, na papo hapo akamwandikisha dada yake mkubwa, Bi Mwatima. Mavyaa wangu haji fungateni mwenyewe, ametuma mwakilishi.

Nimenyamaza kwa sababu moja tu. Tukirudi, hatutarudi katika chumba hiki nyuma ya jiko la Bi Amne. Mundhir ameahidi. Kuna nyumba Al Qusais, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama metro ikipita. Askari wa jengo, Mganda mpole aitwaye Yekoniya, alitufungulia tukaiona. Nilisimama jikoni nikanyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili. Jiko langu! Wakala ametushikia mpaka Jumapili tarehe 27. Tusipoweka saini siku hiyo, anampa mwingine. Sisi tunarudi tarehe 25. Siku mbili za akiba, zinatosha na kubaki.

Jumapili, 6 Julai

Joto la kuivisha mkate juu ya boneti la gari. Mundhir amerudi kazini kwake kwenye mizigo na shati limelowa, akaniletea fenesi. Fenesi, Dubai, mwezi wa Julai! Bi Amne amesema linanuka.

Jumanne, 8 Julai

Kikao cha kundi ofisini kwa Humam. Sijapata kuona mtu anayejipenda kama yule. Ana saa ya mkononi kubwa kama kisahani, ya dhahabu au iliyojisingizia dhahabu, na kila akisema jambo anaitazama kana kwamba ndiyo iliyomwambia.

"Yalla, jamaa," akasema. "Safari hii nimeiita Safari ya Nyoyo. Tukipanda boti, simu zote naziweka sanduku hili la chuma, nafunga, ufunguo shingoni kwangu. Wiki nzima. Mume amtazame mke, mke amtazame mume."

"Na nani atanipiga picha?" akauliza Lujain. Huyu Lujain na mumewe Zahor wamezaliwa hapahapa Dubai, na hawasahau kukukumbusha.

"Habibti, mimi nitakutazama," akasema Zahor.

"Wewe utanitazama. Watu je?"

Bi Mwatima alikuwa kwenye kochi, buibui limemfunika mpaka vidoleni, akasema: "Huko kibla kiko upande gani?"

"Tutauliza tukifika, Mama."

"Utamuuliza nani, papa?"

Nikacheka kabla sijajizuia. Kisha nikajikasirikia. Sikuja kucheka naye.

Ijumaa, 11 Julai

Uwanja wa ndege. Mimi nimebeba gauni sita na manukato. Bi Mwatima amebeba papa mkavu, achari ya ndimu, chetezo, udi, kanga kumi na nne na kile kisanduku chake cha vidonge vya presha, chenye vyumba saba, kila chumba siku yake. Kidonge cha leo amekimeza alfajiri mbele yetu, kwa bismillahi na kelele, kisha kisanduku akakitia katika begi kubwa, likaenda tumboni mwa ndege. Mtu wa kuja kutufundisha maisha hajui kwamba dawa huwekwa mkobani!

Mundhir ameniachia kiti cha dirishani.

Ijumaa tena, 11 Julai

Papeete, jioni. Tumeondoka Ijumaa, tumelala, tumebadili ndege Auckland ikiwa Jumamosi, na sasa rubani anatuambia karibuni, leo ni Ijumaa. Bi Mwatima amesema njiani hakumeza chochote kwa kuwa dawa ilikuwa kwenye begi, basi amekula Ijumaa moja kwa kidonge kimoja, hana deni. Humam amezungusha akrabu za saa yake mpaka kidole kikamuuma.

Kuna ua jeupe hapa, dogo, harufu yake inataka kufanana na asumini. Mundhir amenichomekea sikioni. Wanasema ukichomeka upande wa moyo maana yake una mwenyewe. Nina mwenyewe! Nina mwenyewe!

Jumamosi, 12 Julai

Simu zimefungwa sandukuni. Lujain alilia kama aliyefiwa. Zahor amenunua kamera bandarini ili anyamaze. Tumepanda boti ya mizigo, siku mbili mpaka Vaihere. Nasikia kichefuchefu, siandiki.

Jumamosi, 12 Julai

Msomaji usishangae. Juu nilikuwa nimeandika Jumapili 13, nimeikata, na nitasema kwa nini, maana leo nimeonyesha kwamba sikupata B ya Jiografia kidato cha nne kwa kubahatisha.

Tulikuwa sitahani, nusu ya kundi wanatapika. Nikachora dunia kwa kalamu ya wanja kwenye karatasi ya kupangusia mikono, nikapiga mstari katikati ya Pasifiki.

"Huu ndio mstari wa tarehe," nikawaambia. "Ukiuvuka kwenda mashariki, lazima urudishe siku moja. Bwana Humam, umerudisha?"

"Nimesharudisha saa, pale uwanjani," akasema. Uso wake ulikuwa rangi ya mchicha.

"Umerudisha saa. Siku je?"

Akaitazama saa yake. Saa haikumwambia kitu. "Mimi nimezungusha, nimezungusha sana..."

"Saa ni saa na siku ni siku, Bwana Humam. Ndiyo maana mtihani waliuliza maswali mawili."

Zahor akasema, "Mtoto anasema kweli, hata mimi nilisikia hivyo." Hakusikia popote. Humam akakimbilia ukingoni akatapika, akarudi, akabonyeza kitufe cha saa akarudisha tarehe nyuma moja. Mbele ya watu wote! Basi leo ni Jumamosi.

"Jumamosi si ilikuwa jana?" akasema Bi Mwatima. "Kidonge cha Jumamosi nimekimeza jana bandarini."

"Mama Mkubwa," nikamwambia, kwa adabu niliyobaki nayo, "wewe mwenyewe ulisema njiani uliruka. Hesabu ya vidonge vyako imeshavurugika."

"Mimi mstari wako siujui, mwanangu. Nakijua kidonge."

Watu wakacheka. Mundhir naye alicheka, masikio yakasogea. Mabaharia wanasema Kifaransa tu, na hata wangesema Kiswahili, nani amuulize baharia leo siku gani?

Jumapili, 13 Julai

Tumefika! Humam anajisifu kwamba kampuni yake imefika siku moja kabla ya ratiba. Kisiwa kizuri mpaka kinaudhi: mlima wa kijani, maji rangi ya shanga, na watu wanene wenye furaha. Mwenyeji wetu ni mama mmoja anaitwa Teura, anajua Kiingereza cha maneno kama arobaini na anayatumia yote kwa wakati mmoja. Uwanjani ngoma zilikuwa zinapigwa ardhi ikatetemeka, wanaume mia wamejipaka mafuta, wazee wamekaa kwenye viti vya mbele wamevaa mataji ya maua.

"Wanafanya mazoezi," Humam akatueleza. "Ufunguzi ni kesho, Jumatatu."

Tukaenda kulala.

Aibu ya chumba: wanandoa wengine kila jozi ina kibanda chake. Sisi tumepewa chenye vitanda vitatu. Bi Mwatima amefunga kanga katikati, na katika kanga kumi na nne amechagua ile yenye maneno *Usisafirie nyota ya mwenzio*, maandishi yakielekea upande wangu.

Jumatatu, 14 Julai

Hakuna ufunguzi. Tumekaa uwanjani tumevaa vizuri mpaka jua likatuchoma, tukaona watu wanakimbia na mikungu ya ndizi mabegani, basi. Watu hawa hawana ratiba.

Jumatano, 16 Julai

Nimetoka Dubai, nimevuka nusu ya dunia, nimetapika siku mbili, na chakula cha heshima cha tamasha ni nini? Majimbi. Majimbi ya tui! Na shelisheli la kuchoma, na ndizi zilizofukiwa shimoni juu ya mawe ya moto. Bibi yangu Pemba angewapikia bila tamasha. Kuna na nguruwe, shimo lake mbali. Humam ametupigia mstari mchangani tusivuke, yule anapenda mistari sasa.

Lujain amejifunga kitambaa cha maua na anasema ni vazi la asili adimu. Ni kanga, dada. Ni kanga nusu doti isiyo na jina.

Bi Mwatima ndiye anayenikera zaidi. Tangu asubuhi amekaa chini na Teura wanasuka majani. Hawana lugha moja hata neno. Bi Mwatima anasema, "Hapo umelegeza," Teura anajibu anavyojua yeye, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mimi nikipita wananyamaza. Najua atayapeleka yote kwa Bi Amne: Maha amelala mpaka saa tatu, Maha amekula kwa mkono wa kushoto, Maha amecheka na mumewe hadharani.

Mundhir amenimenyea chungwa kwa ganda moja lisilokatika, likaning'inia kama kamba. Akaniambia tukifika Al Qusais atanimenyea kila jioni. Nimemuuliza: kila jioni? Akasema: mpaka wauza machungwa waombe radhi.

Alhamisi, 17 Julai

Mvua. Mashindano ya mishale, au mikuki, sikujali. Ratiba yasema hiyo ni kesho, lakini ratiba na watu hawa wapi na wapi.

Ijumaa, 18 Julai

Leo wanaume wetu wamesali Ijumaa ufukweni, Zahor akahutubia juu ya uaminifu kati ya mume na mke na muda wote alikuwa anaangalia kamera isichafuke. Wakati huohuo uwanjani kumbe ndiyo ilikuwa fainali ya ngoma. Tumeikosa! Tumekuja kuona ngoma hiyo, na wameifanya siku ya Ijumaa badala ya Jumamosi iliyoandikwa. Humam amekwenda kulalamika kwa Teura. Teura amemkumbatia na kumvika taji la maua.

Bi Mwatima hakusimama nyuma ya wanaume na sisi. Alisali Adhuhuri yake peke yake chini ya mti.

"Mama Mkubwa, mbona unajitenga?" nikamuuliza.

"Ijumaa imenipita jana, nikaoga, nikajitia udi. Leo ni Jumamosi. Nisali Ijumaa Jumamosi, nitamjibu nini Mola? Kwamba Maha alipiga mstari?"

"Tarehe zinakwenda kwa sayansi, Mama Mkubwa."

"Haya. Nimesema mara moja botini, nimesema mara ya pili sasa." Akaendelea na tasbihi.

Mundhir alinishika mkono akanivuta, akasema nimwache, ni mtu mzima. Namwacha. Siku tatu zimebaki nimwache kabisa.

Jumamosi, 19 Julai

Kijiji kizima kimekwenda kanisani leo, kofia nyeupe, nyimbo nzuri za kutetemesha mwili. Zahor akauliza, "Jumamosi kanisani?" Nikamwambia hao ni Wasabato, hata kwetu wapo, Jumamosi ndiyo siku yao. Humam akasema alikuwa anajua hivyo.

Kesho Jumapili tunakwenda kisiwa kidogo cha mchanga ng'ambo kula samaki. Keshokutwa Jumatatu asubuhi boti inapita kutuchukua. Ijumaa Dubai, Jumapili saini. Nimeshachagua mahali pa kuning'iniza sufuria.

Jumatatu, 21 Julai

Ndiyo, Jumatatu. Jana niliandika Jumamosi. Kalamu haikukosea, ni mimi.

Tulivuka asubuhi kwenda kwenye mchanga, watu kumi na mmoja. Bi Mwatima alikataa. Tulimwacha amekaa juu ya begi lake gatini, amevaa viatu vya safari, na Lujain akamwambia, "Mama, boti ni kesho, utakaa hapo mpaka kesho?" Bi Mwatima akasema, "Nendeni mkale samaki wenu." Tukacheka njia nzima. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, niandike tu.

Kama saa nne hivi tukasikia kutoka kijijini mtu anapuliza kombe. Lile kombe kubwa la baharini wanalopuliza kwenye sherehe. Linalia, linanyamaza, linalia. Zahor akasema tamasha linafungwa. Tukasimama kwenye mchanga tukapiga makofi. Halafu king'ora cha boti, mara tatu. Humam akaitazama saa yake, akatutuliza: "Hiyo ni boti nyingine. Yetu ni kesho." Kombe likalia tena, na sisi tukapiga makofi tena. Kila nikikumbuka makofi yale nataka kujifunika uso.

Tuliporudi, boti ilikuwa imeshazunguka mlima. Bi Mwatima alikuwa palepale juu ya begi lake. Teura pembeni, kombe mkononi, midomo imemvimba kwa kupuliza.

"Imesubiri nusu saa," akasema Bi Mwatima. "Walitaka kunipandisha peke yangu."

"Kwa nini hukupanda?" Mundhir akauliza.

"Nimepewa watu wawili niende nao nirudi nao. Nikamwambie mama yako nini, kwamba nimewaacha wanapiga makofi?"

Humam akasema haiwezekani, hawa washamba wamekosea, leo Jumapili. Akavua ufunguo shingoni, akafungua sanduku la chuma, akasema simu zitatoa ushahidi. Tukaziwasha. Simu zikawaka moja baada ya nyingine juu ya meza ya Teura, na kila moja ilisema neno moja: Jumatatu. Jumatatu 21 Julai. Hakuna mtandao, hakuna chochote, neno hilo tu, mara kumi na mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Humam alipozungusha zile akrabu kurudi nyuma pale uwanjani, alikuwa ameshairudisha na siku. Nami nikamfanya airudishe mara ya pili. Na ndiyo maana ngoma zile za siku ya kwanza hazikuwa mazoezi. Ulikuwa ufunguzi, na sisi tulikwenda kulala. Watu wale wana ratiba, na waliifuata siku kwa siku.

Boti inarudi Jumatatu ijayo, tarehe 28. Nyumba yangu ni tarehe 27.

"Ni huyu!" akapiga kelele Humam. "Huyu mwanafunzi wa jiografia!"

"Wewe na kalamu yako ya wanja," akasema Lujain. "Nina sherehe Jumamosi, unajua? Nina watu mia mbili!"

Na Mundhir wangu, ambaye hajapata kumpandishia mtu sauti, akasimama mbele yangu. "Saa ya nani?" akamuuliza Humam. "Nijibu. Aliyelipwa kujua leo siku gani ni nani? Mke wangu alikuja kustarehe. Wewe ulikuja na saa."

Nilimpenda Mundhir dakika ile kuliko siku ya harusi. Kisha nikalikumbuka lile jiko, nikaenda nyuma ya kibanda nikalia. Bi Mwatima akaja, akasimama. Nikangoja aseme nilikwambia.

"Nilisema mara mbili," akasema. "Ya tatu ingekuwa ugomvi, na mimi sigombani na bibi harusi. Nawe pangusa kamasi, hupendezi."

Jumatano, 23 Julai

Posta ya kisiwa ni chumba kimoja chenye simu ya setilaiti, na mkuu wake ni binamu ya Teura. Ametupa kila mtu dakika tatu, saa ya ukutani mbele yake. Tukapanga foleni. Lujain alitumia zake kuahirisha sherehe na bado akalia. Humam alimpigia mtu akamwambia safari imeongezwa kwa maombi ya wateja. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mimi zamu yangu nilimpigia mama yangu Pemba, maana nilijua zamu ya Mundhir ndiyo ya nyumba. Tulikuwa tumekubaliana tangu jana. Atampigia Yekoniya, Yekoniya amsihi wakala atungoje siku sita tu. Namba nilimwandikia kwenye kiganja.

Mundhir akashika simu, akakitazama kiganja chake, akabonyeza namba anayoijua kwa moyo.

"Mama?" akasema. "Mama, sisi wazima. Usilie. Mama, nisikilize. Mama..."

Dakika tatu. Bi Amne alilia dakika mbili na nusu, nasi sote tukamsikia. Kisha simu ikakatwa na Mundhir akabaki ameishika.

Nitaandika nilichokiona. Niliona mtoto. Niliona mwanamume mwenye ndevu nzuri na masikio ya kusogea ambaye mbele ya simu moja duniani alimchagua mama yake, na kiganja chake kina namba yangu imeandikwa kwa wino. Nikasema, mbele ya watu, "Basi kaoane naye." Mundhir akatoka nje.

Aliyefuata alikuwa Bi Mwatima. Akaenda mpaka mezani, akasimama, akageuka.

"Maha, njoo."

"Sina zamu, Mama Mkubwa."

"Hii yangu. Mimi nimpigie nani? Dada yangu ameshaongea na mwanawe, na vidonge havipokei simu. Njoo, dakika zinakwenda."

Nikakimbia. Huku asubuhi, kule usiku. Yekoniya akapokea.

"Hello? Nani? Aa, madam! Mko wapi? Watu wamekuja kuangalia ile nyumba mara mbili."

"Yekoniya, tumekwama, tutafika tarehe mbili. Mwambie wakala atungoje, nakuomba."

"Madam, mimi nasema tu ukweli. Yule arbab, bosi mwenyewe, hangoji mtu. Yeye ni kusaini, khalas."

"Basi jaribu. Chochote, Yekoniya. Hata chumba kimoja. Hata kama kibaya."

"Hata kama kibaya?"

"Hata kama kibaya."

"Sawa. Nitajaribu, inshallah. Poleni sana, madam. Hao wenye mnakaa nao huko, mnaelewana?"

Simu ikakatika kabla sijajibu.

Nilimkuta Mundhir gatini. Akasema, bila kunitazama, "Ningempigia Yekoniya, ningeipata nyumba na kumpoteza mama kwa wasiwasi. Ana sukari, Maha. Tangu simu zifungwe hajui kama tuko hai." Nikamwambia angeniambia mapema, nisingemwandikia kiganjani. Akasema alikuwa amekusudia kweli kupiga namba ile, mpaka vidole vikakataa. Sijamsamehe yote. Nimemsamehe nusu, nyingine nimeiweka.

Ijumaa, 25 Julai

Ijumaa ya kweli. Bi Mwatima amesimama na sisi nyuma ya wanaume. Humam haruhusiwi tena kututangazia siku. Kila asubuhi watu wanakwenda kumuuliza Bi Mwatima, naye anafungua kisanduku kwanza ndipo anawajibu, polepole, ili waone aibu.

Amenifundisha kusuka kingo. Amesema nalegeza.

Jumapili, 27 Julai

Kanisa limejaa. Si Wasabato. Leo ndiyo siku ya saini.

Jumatatu, 28 Julai

Tulikuwa gatini kabla ya jua, wote kumi na wawili, kama kuku. Teura amemvika Bi Mwatima mataji saba, na wamelia wawili hao bila neno moja la kuelewana. Lujain amepiga picha kilio chenyewe.

Jumapili, 3 Agosti

Deira. Tumefika jana. Nyumba imekwenda, wamehamia watu wengine tangu Jumatatu. Bi Amne ametupokea kwa machozi na biriani, na chumba chetu nyuma ya jiko amekibadilishia mapazia.

"Mungu ndiye mpangaji," akasema tukila. "Alijua mahali penu ni hapa."

Nikatazama sahani. Mundhir akaweka kijiko chini.

"Mama," akasema, "tunahama. Yekoniya ametupatia chumba, jengo lilelile. Kesho nasaini."

"Chumba? Chumba kimoja? Na hapa mna nini?"

"Hapa tuna wewe, Mama. Nitakuja kila siku nikitoka kazini, hata usiponiita. Lakini tunahama."

Bi Amne akamgeukia dada yake, maana ndilo alilomtuma kule, aje aseme aliyoyaona. Mimi nikakumbuka kila nilichofanya mbele ya mwanamke yule kwa wiki tatu, na maneno yale ya posta, *kaoane naye*, na nikajua sasa ndiyo yanatoka.

Bi Mwatima akamaliza kutafuna. "Amne, wache waende. Nimefunga pazia katikati ya watoto hawa siku kumi na tano. Pazia limechoka, nami nimechoka."

"Na huyo mkaza mwana, ana adabu?"

"Hana," akasema Bi Mwatima. "Lakini akikosa, analia kwa aibu, halafu anakuja kujifunza. Wewe ulipoolewa ulikuwa unalia tu."

Mundhir akacheka, masikio yakasogea, na ile nusu niliyoiweka nikaitoa nikampa hapohapo, chini ya meza, kwa mkono.

Jumamosi, 9 Agosti

Chumba chetu kiko chini kabisa, nyuma ya meza ya Yekoniya, na ukutani upande wa pili ni pampu ya maji ya jengo zima. Metro haionekani, kinachoonekana ni matairi ya magari. Pampu ikiwaka sufuria zinacheza. "Si nilikuuliza, madam, hata kama kibaya?" anasema Yekoniya kila akituona. Jiko ni meza yenye moto mmoja, lakini nikinyoosha mikono nagusa kuta zote nne, karibu. Ni pangu! Mundhir amemenya chungwa jana, na juzi, na ganda halijakatika.

Humam ameshabandika tangazo mlangoni kwake: Safari ya Nyoyo ya pili, *kwa mahitaji makubwa*. Lujain ametuma picha ya kile kilio gatini na ameandika chini kwamba walishindwa kuondoka kwa mapenzi ya kisiwa, wakaamua kubaki. Wameamua! Watu mia nne wamempongeza.

Bi Mwatima ametuma ile kanga ya pazia kwa mkono wa Mundhir. Nimeifunga dirishani dhidi ya matairi, maandishi yakielekea nje, wayasome wenye magari. Nikampigia kumshukuru.

"Chumba kina kibla?" akauliza.

"Kinacho, Mama Mkubwa. Upande wa pampu."

"Na mtakuja lini kunitazama, au mpaka mstari wa tarehe uhame?"

Nikamwambia kabla mwezi haujaisha nitakuja, na nitamletea mkeka niliousuka mwenyewe, umelegea. Akauliza nitakuja siku gani. Nikamwambia achague yeye, afungue kisanduku aniambie, na siku atakayoisema ndiyo nitakayokuja.